Mlinzi wa Kunguru

Mwaka ule kazi yangu shuleni ilikuwa kunguru.
Wenzangu walifuta ubao, walijaza mtungi;
mimi mwalimu Yankoba alinipa bua la mtama
akanipandisha paani:
"Huligeppa, una macho wewe. Asitue hata mmoja."

Juu kulikuwa na ungo wa waya,
waya uleule wa mabanda ya kuku,
mpana kama uwanja wa kupuria,
umekodolea upande mmoja wa mbingu bila kupepesa.
Kule, walisema mafundi kutoka mjini,
imesimama nyota iliyoundwa kwa mikono,
haichwi, haisogei, inatuangushia picha.
"Inakula nini?" mama yangu Durugavva akauliza.
Wakacheka hadi wakashika mbavu.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja jibu.

Saa nne, kufuli la sanduku linalia chini yangu.
Watoto themanini juu ya sakafu ya samadi,
makohozi, kusukumana, kisha kimya.
Zinaanza chenga, nazijua kwa sauti,
mchele unaopepetwa,
halafu yule mwanamke.
Walisema sari yake haina rangi,
walisema huko ng'ombe ni wa kijivu, pilipili za kijivu,
damu yenyewe ya kijivu.
Mimi nilimpata kwa tundu la kigae kilichovunjika,
sauti tu, Kikannada cha vitabuni kilichopigwa pasi.
Sikujiuliza kwa nini mwenye macho
ndiye aliyewekwa mahali asipoweza kuona.

"Tazameni hapa, watoto," husema.
Nami hutazama hapa.
"Huu ni moyo, una vyumba vinne."
Nikaiona nyumba ya mkuu wa kijiji,
vyumba vinne, cha nyuma kimefungwa
tangu bintiye aliporudishwa kwao.
"Maji hupanda yakiwa mvuke, hushuka yakiwa mvua."
Nikaiona foleni ya wanawake kisimani,
na shangazi Hanumavva pembeni, mtungi miguuni,
akingoja mmoja wao amhurumie ammiminie,
maana kamba ile haikuwa ya mikono yetu.
Maji hushuka, kweli.
"Sasa linganisheni hiki na hiki."
Nililinganisha.

Mwezi wa saba zikaja habari: nyota ilikuwa ya kuazima.
Wenyewe wanaitaka. Wataisogeza.
(Nyota husogezwa? Kama kitanda?)
Siku ya mwisho mwalimu akasimama uani akaita:
"Shuka. Leo kunguru wana ruhusa."
Nikakaa kizingitini, goti moja ndani, moja nje.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake.
Alikuwa na kidonda mdomoni, poda haikukificha.
Alieleza jinsi mbegu inavyokunywa,
na katikati ya mbegu akatazama kando,
kwa mtu ambaye sisi hatukumwona,
akatabasamu, neno likampotea.
Mwaka mzima sikuwahi kumwazia
mtu anayepotewa na neno.

Kisha juu, makucha kwenye waya: tk.
Uso wake ukakatika vipande vitatu.
Vichwa themanini vikanigeukia.
Bua lilikuwa mkononi.
Sikuinuka.

Sanduku baadaye lilitunza chaki, kisha nge.
Waya ukagawanywa, wenye paa kubwa kwanza.
Mama akapata pande la dhiraa mbili, limejikunja,
akalinyoosha kwa jiwe jioni nzima,
akazungushia kuku wake wanne.
Wakasimama nyuma yake, shingo upande,
jicho moja moja limeelekea juu.

"Hawa angalau," akasema,
akijipangusa kutu viganjani,
"najua wanakula nini."